Sauti za Wazee Zisipotee: Namna Bora ya Kurekodi Mazungumzo katika Video za Nyumbani

Na Mwandishi Wetu

Kila ifikapo Desemba, familia nyingi nchini hurejea vijijini kuwasalimu wazee. Katika mikusanyiko hiyo haikosekani simu janja ya kumrekodi babu akieleza chimbuko la ukoo, au bibi akitaja majina ya waliotangulia. Miaka ikipita na mzee akawa amefariki, jamaa huifungua video hiyo na kuiona sura yake vyema, ilhali maneno yake yamemezwa na upepo na kelele za pangaboi. Picha yenye giza huvumilika, lakini neno lisilosikika limepotea, kwa kuwa msemaji hayupo tena kulirudia.

Umuhimu wa kumbukumbu za aina hii unatambulika kimataifa. Tarehe 27 Oktoba kila mwaka huadhimishwa Siku ya Urithi wa Picha na Sauti Duniani, kukumbuka pendekezo la UNESCO la mwaka 1980 kuhusu kulinda na kuhifadhi picha jongefu. Urithi huo, hata hivyo, hauko katika maktaba za taifa pekee. Sehemu yake kubwa imo sebuleni mwetu.

Umbali kwanza, gharama baadaye

Kosa lililozoeleka ni kudhani kwamba simu ikimwona msemaji, basi inamsikia. Kamera huweza kuvuta karibu kilicho mbali, lakini maikrofoni ya simu hupokea kila sauti iliyo jirani nayo. Umbali kati ya mdomo na maikrofoni ukiongezeka mara 2, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja hushuka hadi robo, yaani takriban desibeli 6, ilhali kelele za chumba hubaki zilezile. Ndiyo maana maikrofoni ya bei nafuu iliyo karibu huweza kuishinda ya ghali iliyo mbali.

Kifaa kinachofaa zaidi ni maikrofoni ndogo ya kubana kwenye nguo, iwekwe kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mahali ambapo kanga, shali au mkufu hautaikwaruza. Mnunuzi achunguze plagi yake: ya simu yenye tundu la milimita 3.5 huwa na mistari 3 inayoigawa ncha, na ya kamera huwa na 2. Zikikosewa, sauti huenda isiingie kabisa.

Asiye na maikrofoni hiyo atumie simu ya pili. Ifunguliwe programu ya kurekodi sauti, kisha ilazwe juu ya kitambaa karibu na msemaji. Kabla ya kuanza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Mlio huo utasaidia kuoanisha sauti na picha baadaye.

Kuandaa chumba

Sakafu ya vigae na kuta tupu huakisi sauti na kuleta mwangwi. Tandikeni zulia au mkeka, shusheni mapazia, na ikiwezekana simamisheni godoro nyuma ya kamera. Zimeni pangaboi na redio, na simu ziwekwe katika hali ya ndege. Jokofu nalo lizimwe kwa muda, ila msisahau kuliwasha. Mvua ikinyesha juu ya bati, ni busara kuahirisha. Mkirekodi nje, maikrofoni ivikwe sponji ya kukinga upepo.

Rekodini jaribio la sekunde 30 mzee akizungumza kwa sauti yake ya kawaida, kisha lisikilizwe kwa hedifoni. Pale ambapo programu huonyesha kiwango cha sauti, vilele vifike takriban desibeli -12 na visiguse 0, kwa sababu sauti iliyopasuka ni vigumu kuirekebisha.

Adabu na hifadhi

Mzee aombwe ridhaa, aelezwe nani ataisikia kauli yake, na aachwe azungumze kwa lugha anayoimudu zaidi. Mwulizaji aitikie kwa kichwa badala ya kusema "ehee" kila mara, na asikimbilie kuujaza ukimya. Mara nyingi mzee hunyamaza akikumbuka.

Rekodi ikikamilika, zihifadhiwe nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na nakala 1 ikae nyumba nyingine. Nakala iliyotumwa kwa programu za ujumbe isihesabiwe, kwani nyingi hupunguza ubora. Kila faili lipewe jina la msemaji, mahali na tarehe.

Maandalizi haya hayahitaji studio. Mengi yanatimizwa kwa nusu saa na vitu vilivyomo nyumbani. Wahenga walinena kuwa majuto ni mjukuu, na katika jambo hili mjukuu ndiye atakayeifungua video hiyo akitaka kumsikia babu yake. Maandalizi yafanyike sasa, wakati mzee yungali anaweza kuulizwa na akajibu.