Ombi, Amri na Stara: Adabu ya Kuomba katika Kiswahili cha Pwani na cha Bara

Mtu wa Nairobi akiingia mkahawani Unguja na kusema "Leta chai," chai ataletewa, lakini huenda ikaandamana na uso uliokunjwa. Mtu wa Unguja naye akiketi mkahawani Nairobi na kusema "Naomba chai," mhudumu atamwelewa, ila neno hilo *kuomba* litamgusa sikio kwa namna ya pekee, kwani katika mazoea yake huhusiana zaidi na sala na ombaomba wa njiani kuliko na mtu aliye na fedha mfukoni. Wote wawili wamekusudia jambo moja. Mmoja amehesabiwa kuwa fidhuli, na mwingine kuwa mnyonge kupita kiasi.

Kutokana na visa vya namna hii pamezoeleka hukumu isemayo kwamba Kiswahili cha bara ya Kenya hakina adabu. Hukumu hiyo husikika barazani, na husikika vilevile madarasani. Makala haya yanakusudia kuichunguza kwa kutazama tendo moja tu la usemi, nalo ni kuomba kitu au huduma. Maamkizi, ambayo ndiyo huchukuliwa mara nyingi kuwa kiini cha adabu ya Mswahili, yanaachwa kando. *Shikamoo* na *hodi* zimekwisha kuandikiwa mengi.

Jambo hili lina uzito wake. Tangu mfumo wa 8-4-4 uanze mwaka 1985, Kiswahili kilikuwa somo la lazima na la kutahiniwa kwa kila mtoto wa Kenya, na Katiba ya mwaka 2010 ikakifanya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Raia aliyesimama mbele ya karani ana haki ya kuomba huduma kwa Kiswahili. Ikiwa Kiswahili alichonacho kimekwisha kuhesabiwa kuwa cha utovu wa adabu hata kabla hajafungua kinywa, haki hiyo imepunguzwa thamani.

Nadharia inayotajwa sana katika uwanja huu ni ile ya Brown na Levinson, iliyotolewa mwaka 1978 na kuchapishwa upya kama kitabu mwaka 1987. Wao walichukua dhana ya uso kutoka kwa Goffman, wakaigawa mara mbili: haja ya mtu ya kupendwa na kukubaliwa, na haja yake ya kuachwa huru asiingiliwe. Ombi, kwa maoni yao, huitishia haja ile ya pili. Mifano yao mikuu ilitoka katika Kiingereza, Kitamili na Kitzeltal. Saida Yahya-Othman, akiandika mwaka 1994 kuhusu Waswahili, alihoji kufaa kwa mgawanyo huo katika jamii ambamo heshima ya mtu haitengani na ya jamaa zake. Hoja yake ina nguvu. Katika nyumba ya Kiswahili, mpwa anayemwomba mjomba wake nauli haingilii uhuru wa mtu, anatekeleza udugu. Akiomba kwa maneno mengi ya unyenyekevu, mjomba aweza kumwuliza tangu lini amekuwa mgeni.

Pengine dhana ifaayo zaidi imo katika lugha yenyewe, nayo ni *stara*. Kumsitiri mtu ni kumfunika asitahayari. Ombi lenye stara ni lile linalomwachia mwombwaji mlango wa kukataa bila aibu, na kumwachia mwombaji njia ya kurudi nyumbani bila fedheha. Jirani wa Mombasa aendaye kutaka sukari hataji sukari kwanza. Huuliza hali, huuliza watoto, kisha husema, "Sijui kama mna sukari ndani." Jibu laweza kuwa "Imetuishia jana," na hapo hakuna aliyeomba wala aliyenyimwa. Hata *inshallah*, ikitamkwa polepole na kwa kushusha sauti, huwa mara nyingine ni namna ya kukataa ambayo wote wawili wameielewa na hakuna aliyelazimika kuitaja.

Yafaa sasa kuyatazama maumbo ya vitenzi, maana hapa ndipo walimu wengi hukwama. Vitabu vya sarufi, tangu kile cha Ashton cha mwaka 1944, hueleza kuwa amri tupu ni kali, na kuwa umbo lenye kiishio *-e*, kama vile *ulete* au *uniletee*, ndilo la upole zaidi. Kwa jumla ni kweli. Lakini amri yenyewe ikitanguliwa na kiambishi cha mtendwa huchukua *-e* hiyohiyo: *nipe*, *niletee*, *tupishe*. Kwa hiyo *nipe*, ambayo husingiziwa ukali, si ndugu wa karibu sana wa *leta* kwa umbo lake, imesimama mpakani. Wenyeji wa pwani huitumia kila siku kwa watu wa rika lao pasipo kumwudhi mtu.

Tena *-e* haina upole wa asili. Upole wake watokana na kulisogeza tendo mbele kidogo, likawa ni jambo linalotarajiwa badala ya jambo linalodaiwa papo hapo. Kusogeza huko kwaweza kutumika kinyume. Karani asemapo "Uje kesho saa mbili" ametumia umbo la upole, na kila aliye kwenye foleni anajua kwamba ameamrishwa. (Aliyepata kuambiwa hivyo siku tatu mfululizo hahitaji nadharia.) Umbo moja huwa ombi au amri kulingana na nani ana uwezo wa kukataa.

Neno *tafadhali* ndilo limeleta matatizo makubwa kuliko yote. Shuleni hufundishwa kama kwamba ni chumvi ya adabu: ukiitia, usemi umekolea, ukiikosa, umechujuka. Asili yake ni Kiarabu, ambako neno hilo husemwa aghalabu na mtoaji, anapomkaribisha mgeni kuketi, kula au kutangulia mlangoni. Mzizi wake ndio huohuo wa *fadhila*. Katika Kiswahili limegeuka, likawa la mwombaji. Lakini katika mazungumzo ya kila siku ya wenyeji halisikiki kwa wingi kama vitabu vinavyodhani. Hutokea katika matangazo, katika barua, na kwa watu wasiojuana. Baina ya watu wanaojuana mara nyingi huashiria kwamba subira inakwisha: "Tafadhali bwana, niache!" Mwanafunzi anayemwambia mamake "Tafadhali mama, nipe maji" kwa kufuata kitabu amesema sentensi safi ambayo mama wengi wa pwani wangeicheka. Kinacholegeza ombi lake ni *mama*, wala si *tafadhali*. Na toni, ambayo vitabu haviwezi kuichapa, hufanya sehemu kubwa ya kazi iliyobaki.

Je, bara? Hapa uchunguzi waonyesha kuwa adabu ipo, ila imewekwa mahali pengine. Msemaji wa Nairobi au Nakuru anayetaka kalamu ya mwenzake husema, "Nisaidie na kalamu." Kuomba kumegeuzwa kuwa kusaidiwa, mwombwaji amepandishwa cheo akawa msaidizi. Anayemtaka mwenziwe amsindikize husema, "Si unisindikize," na hiyo *si* hulifanya ombi kuwa kama wazo la wote wawili, ambalo mwombwaji aweza kulikataa pasipo kumkataa mtu. Kitu hupunguzwa kwa kiambishi *ka-*, ili mzigo wa ombi uonekane mwepesi: "Nipatie ka-chai." Neno *kidogo* nalo hufanya kazi hiyo hata pasipo na kiasi chochote cha kupimwa, kama katika "Nisongee kidogo" au "Ningoje kidogo." Kwa mizani ya stara, mbinu hizi zinalingana na zile za pwani.

Baadhi yake zina sababu katika lugha za kwanza za wasemaji. Katika Kijaluo, neno *kiyie*, ambalo hutumiwa pahali pa *tafadhali*, maana yake ni "ukikubali"; yaani mlango wa kukataa umo ndani ya neno lenyewe. Katika Kikuyu, *ndagũthaitha* ni kusihi kwa dhati, na si neno la kutupwa katika kila ombi la chumvi mezani. Msemaji aliyelelewa katika lugha hiyo asipotia *tafadhali* katika kila sentensi hajapungukiwa na malezi. Amehifadhi neno zito kwa jambo zito.

Hata hivyo haifai kuitupa hukumu ya watu wa pwani yote kwa jumla. Ile *leta* tupu, na *kuja hapa*, zina historia chungu. Sehemu kubwa ya bara ilikisikia Kiswahili kikiwa lugha ya amri: katika mashamba ya walowezi, jeshini, na jikoni kwa mabwana. Kitabu cha F. H. Le Breton, *Up-Country Swahili*, kiliwalenga askari, walowezi, wachimbaji madini na wafanyi biashara, na watu hao walihitaji zaidi kuagiza kazi kuliko kuomba. Kiswahili walichokisema kikaitwa Kisetla. Kiliazimwa kutoka kwa wenyeji na kuvuliwa *naomba*, *kunradhi*, *niwie radhi* na majina ya udugu, kikarudishwa masikioni mwa wafanyakazi kikiwa kimebaki mifupa. Anayemlaumu mjukuu wa mfanyakazi huyo kwa kusema *leta* angefaa kuuliza pia ni nani aliyemfundisha babu yake neno hilo.

Kinachostahili kuangaliwa ni kwamba wasemaji wa bara hawakubaki hapo. Bila mwalimu wala kamusi wamekijazia upya Kiswahili hicho njia za kusitiriana, kwa *nisaidie*, kwa *si*, kwa *ka-*. Usanifishaji haukuwashughulikia. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua Kiunguja kuwa msingi, na Kamati iliyoanza kazi mwaka 1930 ilijishughulisha na tahajia, msamiati na vitabu vya shule. Namna ya kuomba maji haikuwamo katika ajenda.

Katika darasa la leo swali hili huja kwa umbo dogo. Mwanafunzi ameandika mazungumzo ya sokoni, na mteja wake anasema, "Mama, nisaidie na nyanya za hamsini." Mwalimu hupiga mstari mwekundu chini ya *na*, akaandika pembeni: "Hana adabu. Tumia tafadhali." Mstari ule una hoja ya sarufi, maana katika Kiswahili sanifu *nisaidie* haichukui *na* ya namna hiyo, na mtoto afaa kuelezwa. Lakini maneno ya pembeni yanasema jambo jingine kabisa, na hilo si kweli. Mteja huyo amemwita muuzaji mama, amejiweka katika hali ya mwenye kusaidiwa, na ametaja bei mwenyewe ili asimlazimishe mwenziwe kuuliza.