MAELEZO KUHUSU FAILI ZA NAMBARI ZA PROGRAMU ZINAZOENDESHWA CHINICHINI

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanaarifiwa kuwa kompyuta inayohudumia watu wengi huwa na programu zisizoonekana kwenye skrini. Programu hizo huanza kazi kompyuta inapowashwa na huendelea chinichini usiku na mchana: moja hutunza kumbukumbu, nyingine hupokea barua, nyingine husimamia uchapaji. Maelezo haya yanahusu faili ndogo zinazotumika kuzisimamia, pamoja na hadhari inayotakiwa kabla ya kuzifuta.

Kazi ya faili hizo

Katika mfumo wa Linux, kila programu inapoanza hupewa nambari. Programu ya chinichini huiandika nambari yake katika faili fupi ambayo kwa kawaida huwekwa katika folda ya /run, na jina lake huishia na .pid. Msimamizi anapotaka kuisimamisha programu, huisoma nambari hiyo na kupeleka amri kwa mwenye nayo. Programu ikifunga kazi kwa utaratibu, huifuta faili yake.

Jambo hili linafanana na daftari la mahudhurio. Mtumishi akiondoka bila ya kutia saini, daftari litaendelea kusema kuwa yumo kazini.

Hatari zilizopo

Umeme ukikatika ghafla, programu hufa bila ya kuaga. Faili za /run hutoweka pamoja na umeme, kwa kuwa huwekwa katika kumbukumbu ya muda. Lakini zilizo kwenye diski hubaki. Mfano ni postmaster.pid ya PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, ambayo hukaa pamoja na data yenyewe.

Hapo makosa mawili huweza kutokea. La kwanza ni kuiamini nambari ya zamani. Nambari hutumika tena, na ile ya programu iliyokufa huenda imeshapewa nyingine. Amri ya kusimamisha itamwangukia asiyehusika. La pili, lililo zito zaidi, ni kuifuta faili ilhali programu ingali hai. Programu ya pili ikianzishwa juu ya data ile ile, kumbukumbu zinaweza kuharibika.

PostgreSQL huikagua faili hiyo inapoanza, na aghalabu huiondoa yenyewe ikiwa imepitwa na wakati. Kwa hiyo, inapokataa kuanza, hilo ni onyo la kuchunguzwa.

Utaratibu wa kufuata

(a) Isomwe nambari iliyomo katika faili.
(b) Itumike amri ya ps kuthibitisha kama nambari hiyo ipo, na kama mwenye nayo ndiyo programu inayokusudiwa.
(c) Kwa PostgreSQL, ihakikishwe kuwa hakuna hata tawi lake moja linaloendelea.
(d) Ndipo faili ifutwe, na tarehe pamoja na jina la aliyeifuta yaandikwe.

Mfumo wa systemd, uliotolewa mwaka 2010, huzifuatilia programu moja kwa moja, hivyo nyingi hazihitaji tena faili hizi. Hata hivyo, nyingine zingali zikizitumia.

Mwananchi atakayeombwa kusubiri wakati ukaguzi huu ukifanyika anaombwa astahamili. Muda anaoutoa ni mfupi. Cheti kilichopotea katika kumbukumbu huenda kisirudi.