Radi na Kompyuta za Nyumbani

Katika maeneo yanayozunguka Ziwa Victoria, ambako ngurumo ni nyingi mno, kompyuta huweza kuungua hata kama nyumba yenyewe haikupigwa na radi. Mkondo wa radi moja aghalabu hufikia kiasi cha ampea 30,000. Radi ipigapo karibu na nyaya za shaba, huzusha ndani yake maelfu ya volti, nazo husafiri hadi nyumbani.

Wengi hutegemea fyuzi. Lakini fyuzi huhitaji muda ili iyeyuke, ilhali msukumo huo hufika kileleni katika sehemu chache za milioni za sekunde. Kifaa maalumu cha kinga huuelekeza umeme wa ziada ardhini. Pasipo waya wa ardhi ulio imara, hakina pa kuupeleka.

Aidha, kuchomoa plagi ya umeme peke yake hakutoshi. Nyaya za simu, za antena na za mtandao zitokazo nje huweza kupitisha msukumo uo huo hadi kwenye ruta na kompyuta. Yafaa zote zichomolewe mapema, mawingu yanapoanza kutanda. Ngurumo zikisha kukaribia, zisiguswe kamwe, kwani hapo aliye hatarini ni mtu mwenyewe.