Ushahidi wa Lugha na Haki ya Mwomba Hifadhi

Mtu aikimbiaye nchi yake kwa kuhofia maisha aghalabu hufika ugenini bila cheti wala karatasi. Aulizwapo atoka wapi, hana cha kuonyesha ila maneno yake. Kwa sababu hiyo serikali kadhaa za Ulaya, tangu miaka ya 1990, zimekuwa zikirekodi sauti za waombaji hifadhi na kuzipeleka kwa wachambuzi, wapate kusema kama mtu huyo kweli ni wa nchi aliyoitaja. Makala haya yaeleza jinsi uchambuzi huo unavyowahusu wasemaji wa Kiswahili, na kazi ivipasayo vyuo vikuu vyetu.

Mfano ulio dhahiri ni wa Wabajuni, wakaao pwani na visiwani, kutoka Faza na Kiunga katika Kenya mpaka Chula, Koyama na Kismayu katika Somalia. Lahaja yao, Kibajuni au Kitikuu, ni ya Kiswahili cha kaskazini. Palipo na t katika Kiswahili sanifu, wao mara nyingi hutamka ch. Mtu kwao ni muchu, na watu ni wachu. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wengi walikimbilia Kenya, na baadhi yao wakafika Uingereza. Huko swali likawa: je, huyu ni Mbajuni wa Somalia au wa Kenya? Lahaja ni moja, na mpaka umepita katikati yake. Tena mtoto aliyeondoka Chula akalelewa Mombasa atasema kama wenzake wa Mombasa. Akihukumiwa kwa matamshi peke yake, ataitwa mwongo naye asema kweli, na huenda akarudishwa kwenye hatari aliyoikimbia.

Msomaji aliye Nyakato, mjini Musoma, hana haja ya kwenda mbali apate kulifahamu jambo hili. Katika Mara hukutana Kijita, Kikwaya, Kizanaki, Kikuria, Kijaluo na lugha nyingine, na kila moja huacha alama yake katika Kiswahili cha wasemaji wake. Baadhi yao hubadilishana l na r, hata kula na kura zikasikika sawa. Lakini Mkuria wa Sirari na Mkuria wa Isebania wametengwa na mpaka uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886. Msikilizaji adaiye kwamba kwa r hiyo atamjua yupi Mtanzania na yupi Mkenya, anabahatisha tu. Matamshi huonyesha mtu alilelewa miongoni mwa nani. Uraia wake hayauonyeshi.

Hayo ndiyo waliyoyasisitiza wanaisimu 19 waliotoa mwongozo wao mwaka 2004. Walisema pia kwamba kuzaliwa na lugha si sawa na kuwa na utaalamu wa kuichambua, na kwamba mchambuzi sharti aeleze ana hakika kiasi gani. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika mashauri ya waombaji waliosema wametoka Somalia, iliamua kwamba uzito wa ripoti za namna hii sharti upimwe katika kila shauri, na mchambuzi asivuke mipaka ya ujuzi wake.

Vyuo vikuu, basi, vyaweza kusaidia kwa njia tatu. Kwanza, kuandika sarufi na msamiati wa lahaja zisizojulikana sana, kama Kibajuni, Chimiini cha Barawa na Kiswahili cha Kongo, maana pasipo maelezo hayo hakimu hana kipimo. Pili, kufundisha wakalimani. Mkongo asemaye batoto kwa watoto huandikwa msemaji wa Kiswahili, akapewa mkalimani aliyezoea Kiswahili sanifu peke yake, na shauri likaharibika kwa neno moja. Tatu, kuwaunganisha wanalugha na wanasheria. Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha Mradi wa Sheria ya Wakimbizi mwaka 1999. Wataalamu wa lugha wana mahali pao katika kazi ya namna hiyo.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitunukiwa Nishani ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi yake ilivyowapokea wakimbizi. Wanavijiji walitoa ardhi. Wanachuo hawana ardhi ya kugawa, lakini wana maarifa ya lugha. Yaliyokusanywa kwa ajili ya kamusi yafaa pia yamtetee msemaji wa lugha hiyo, popote asimamapo mbele ya hakimu.