Siafu ndio wanaojua kama msitu umerudi

Chukua kikombe cha plastiki, kifukie ardhini hadi ukingo wake ulingane na udongo, tia maji kidogo yenye matone ya sabuni, kisha kifunike kwa jani kubwa mvua isiingie. Kesho yake utakuta mbawakawa, sisimizi na nyenje waliokuwa wakipita usiku wakatumbukia. Sabuni hulegeza uso wa maji, ndiyo maana hata mdudu mwepesi kabisa huzama. Kwa mtego huu wanasayansi hupima jambo ambalo hesabu ya miche haiwezi kulisema: je, pale palipopandwa miti pamekuwa msitu kweli?

Miti inaweza kushika, ikanawiri na kutoa kivuli, na bado chini yake pakawa patupu. Mdudu ana maisha mafupi na mwili mdogo. Joto likizidi au unyevu ukipungua, huwa miongoni mwa wa kwanza kutoweka. Viwavi wa vipepeo wengi wa msituni hula majani ya mimea michache tu, kwa hiyo vipepeo hao wakizaliana mahali, jua chakula chao kipo. Mbawakawa wanaofukia mavi wakiwa wa aina nyingi, basi na wanyama wenye mavi hayo wapo.

Lakini idadi peke yake hupotosha. Pori la magugu nalo lina panzi tele! La maana ni kujua nani amerudi, kwa kulinganisha na msitu wa asili ulio jirani. Huko Kakamega, magharibi mwa Kenya, kuna aina mbili za siafu wanaowinda kwa misafara mikubwa juu ya ardhi. Moja, Dorylus wilverthi, hutegemea msitu mnene; ya pili, Dorylus molestus, huvumilia hata maeneo ya wazi. Watafiti walipochunguza vipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, waliona ile ya kwanza imepungua sana, na ongezeko dogo la ya pili halikuziba pengo. Ndege wanaofuata misafara hiyo ili kudaka wadudu wanaokimbia nao waliathirika. Mpita njia angeona siafu ni siafu, akaridhika.

Wadudu hawaishii kutoa ushahidi, hata kazi wanafanya. Mwaka 1971, katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, René Haller alianza kupanda miti juu ya mwamba mtupu. Kati ya aina 26 alizojaribu ni tatu tu zilizostahimili, mvinje ikiwemo. Mivinje ikarefuka, ila majani yake membamba kama sindano yakarundikana bila kuoza. Haller akawaona jongoo wenye miguu myekundu wakiyatafuna, akawaleta kwa mamia. Kwa wanasayansi jongoo si mdudu, maana miguu yake inapita sita, lakini kinyesi chake ndicho kilichogeuka mboji, na mimea mingine ikapata pa kuota.

Kenya imepanga kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032. Naomba ripoti za kazi hiyo zisiishie kwenye idadi ya miche. Vikombe ishirini na mwalimu wa biolojia wa shule ya jirani vinatosha kuanza. Na hesabu ya kwanza ifanywe kabla ya kupanda, ili ijulikane tulianzia wapi.