Hedhi Iliyokoma Si Nishani

"Daktari, binti yangu ana miaka 16, anakimbia mita 3000, na huu mwezi wa nne hajaona siku zake. Kocha anasema ni mazoezi tu, mwili umeiva. Ugoko unamuuma. Nimpe dawa gani ya mifupa?"

Kila msimu wa mashindano ya shule swali hili hurudi kwa madaktari wa michezo. Mara nyingi mzazi huja na picha ya eksirei isiyoonyesha kitu, maana ufa mdogo unaoletwa na kukimbia unaweza kufichama kwenye eksirei kwa wiki mbili tatu za mwanzo. Mzazi anataka jina la kidonge. Lakini ugonjwa umo katika maneno ya kocha, tena yale yale aliyoyapokea kama sifa.

Mwili huo haujaiva. Una njaa.

Mkimbiaji anapotumia nguvu nyingi kuliko anazokula, ubongo hupunguza matumizi, na uzazi ndio wa kwanza kukatwa. Haichukui muda mrefu. Mwaka 2003 watafiti Anne Loucks na Jean Thuma walionyesha kwamba siku 5 tu za upungufu mkubwa wa chakula zinatosha kuvuruga mapigo ya homoni inayoongoza ovari. Ovari zikinyamaza, estrojeni hushuka, na estrojeni ndiyo inayozizuia seli zinazokula mfupa zisizidishe. Yote haya humpata msichana katika umri wa kuweka akiba: takriban robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima hujengwa katika miaka miwili hivi ya kurefuka kwa kasi. Akiba isiyowekwa wakati huo ni vigumu kuifidia baadaye.

Anayedhani wembamba ndio mbio na amsikilize Mary Cain wa Marekani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alikimbia mashindano ya dunia mjini Moscow. Mwaka 2019 alieleza hadharani jinsi alivyoshinikizwa kupunguza uzito: alikaa miaka mitatu bila hedhi na akavunjika mifupa mitano. Kasi yake nayo ilipotea.

Halafu kuna "tiba" inayopendwa kuliko zote: vidonge vya majira, ili damu irudi. Damu hurudi kweli, na hapo ndipo hatari ilipo. Ile si hedhi. Ni damu inayotoka kwa sababu homoni za kidonge zimesitishwa kwa siku chache, na inaweza kutoka hata kama ovari bado zimelala na mfupa unaendelea kuliwa. Utafiti wa Boston uliochapishwa 2019 uliwafuatilia kwa mwaka mzima wanariadha vijana waliokosa hedhi: waliobandikwa estrojeni ya ngozi, pamoja na projesteroni ya vipindi, waliongeza msongamano wa mifupa kuliko waliomeza vidonge vya majira. Msichana anayetaka kuzuia mimba ana haki ya vidonge hivyo. Kumpa ili kalenda ionekane safi ni kuzima king'ora huku nyumba inaungua.

Yanayofaa ni haya. Hedhi ikikosekana miezi mitatu, au msichana akifika miaka 15 hajavunja ungo, aende hospitali. Kwanza ipimwe mimba, kisha tezi na homoni nyingine. Chakula kiongezwe na mazoezi yapunguzwe; asikimbie na njaa asubuhi wala asiruke mlo baada ya mazoezi. Kalisiamu inayohitajika umri huo ni miligramu 1300 kwa siku: maziwa, mtindi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Haitasaidia sana kama sahani yenyewe ni nusu. Maumivu ya kinena wakati wa kukimbia yamsimamishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa shingo ya fupa la paja ikikatika huenda akahitaji upasuaji. Na wadogo wasifungwe kwenye mbio pekee. Wakimbiaji waliocheza michezo ya mpira utotoni wameonekana kupata nyufa chache zaidi, kwani mfupa hujengeka kwa kuruka na kugeuka ghafla. Rede, kamba na netiboli zina kazi hiyo.

Makocha, ulizeni kuhusu hedhi kama mnavyouliza kuhusu muda wa mzunguko wa uwanja. Kama kuulizwa kunawatia aibu wasichana, mteueni mwalimu wa kike aulize. Msichana akijibu kwamba imekoma, msimpongeze. Mpelekeni kwa daktari wiki hiyo hiyo.