Okidi Iliyodekezwa Haichanui

Okidi iliyonona humtesa mwenye nyumba kuliko iliyokonda. Iliyokonda anajua inaumwa. Iliyonona ina majani mapana ya kijani kilichokolea, mgeni akiingia sebuleni anaisifu, na bado mwaka unapita, na wa pili nao, bila hata kidokezo cha ua. Basi mwenyewe anazidisha maji, anazidisha mbolea.

Je, wajua kwamba kijani hicho kinachosifiwa huenda ndicho dalili ya ugonjwa? Okidi inayokosa mwanga hujirundikia klorofili majanini ili inase kila mwali unaopita. Inayopata jua la kuitosha huwa na kijani hafifu chenye umanjano kidogo, rangi ambayo wengi wetu tungedhani ni ya mmea wenye njaa. Na mbolea yenye naitrojeni nyingi hukoleza kosa hilohilo: majani yanaongezeka, ua halitoki.

Kwa mtu wa Kolwezi, jibu la fumbo hili liko porini. Mji umekaa kwenye nyanda za juu za Manika, zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kinashika hadi Septemba, na usiku wa Juni na Julai baridi yake si ya mchezo. Katika misitu ya miombo ya ukanda huu wa kusini mwa Kongo huishi Ansellia africana, okidi ya manjano yenye madoa ya kahawia yaliyofanya watu waiite okidi ya chui. Mtaalamu wa mimea John Lindley aliipa jina hilo mwaka 1844, kwa heshima ya John Ansell aliyeichuma katika kisiwa cha Fernando Po. Kwa kawaida haioti ardhini. Hukaa juu ya tawi bila kuunyonya mti, na baadhi ya mizizi yake huelekea juu, myeupe na yenye ncha, ikiwa kikapu cha kunasia majani makavu yanayooza na kuwa mbolea.

Sasa itazame kiangazi. Miti inapukutisha majani, jua linapenya hadi kwenye tawi. Mvua imekatika, mchana kuna joto, usiku kuna baridi. Mashina yake manene yanaishi kwa akiba ya maji na chakula iliyowekwa masika. Ni baada ya wiki kadhaa za shida hiyo ndipo matawi ya maua hujitokeza. Okidi ya sebuleni, inayonyweshwa Julai sawa na Januari nyuma ya pazia zito, haijawahi kuambiwa kwamba majira yamebadilika. Vanila nayo ni okidi, na tabia ni hiyohiyo: kipindi cha ukame ndicho huichochea kutoa maua, na Uganda, kwa kuwa ina vipindi viwili vya ukame kwa mwaka, huvuna vanila mara mbili.

Hivyo Ansellia iliyo kwenye chungu itolewe barazani penye jua la asubuhi, na kuanzia Mei ipunguziwe maji hadi iwe inaloweshwa kidogo tu, mashina yasije yakanyauka. Baridi ya Manika haitaiumiza.

Lakini usiifanyie hivyo Phalaenopsis, ile ya maua mapana bapa inayouzwa ikiwa imeshachanua. Hiyo asili yake ni Asia ya joto, haina mashina ya kuwekea akiba, na usiku mmoja wa Julai nje unaweza kuiumiza vibaya. Inachotaka ni ubaridi wa wastani. Ikikaa kwenye joto la nyuzi 28 au zaidi wakati wote, hutoa majani tu. Ikipata wiki kadhaa chini ya nyuzi 25 hivi, shina la ua huchomoza. Ndani ya nyumba, karibu na dirisha, kiangazi cha Kolwezi huitosha kabisa. Mizizi yake ndiyo itakayokueleza lini uinyweshe: ikiwa na rangi ya fedha ina kiu, ikiwa ya kijani imeshiba. Ngozi ya nje ya mzizi ni tabaka la seli zilizokufa, linalofyonza maji kama sifongo. Ukiuzika kwenye udongo mzito, unaoza.

Kuna pia tatizo linalokatisha tamaa zaidi: vitumba kuota vizuri kisha kugeuka manjano na kudondoka kabla ya kufunguka. Hapo wengi hulaumu maji. Mimi ningeangalia kwanza jikoni. Moshi wa mbabula, jiko la makala, una ethilini, gesi ileile inayotoka kwenye ndizi zinazoiva, na kiasi kidogo tu kinatosha kuangusha vitumba vya okidi. Makala yasiyowaka, kwa upande mwingine, yakivunjwavunjwa ni kitanda kizuri cha mizizi yake, maana hupitisha hewa wala hayaozi haraka. Ukayaweke kwenye chungu, mbabula ikakae uani.

Wapo pia wanaochimba okidi za ardhini kule dembo, kwenye mabonde yenye majimaji, na kuzileta nyumbani. Hizo ni ndugu wa zile ambazo viazi vyake hutwangwa na karanga kupika kikanda. Kila mwaka kiazi cha zamani hulisha chipukizi huku kipya kikijengeka pembeni. Ukichimba wakati mbaya unaondoa mwaka ujao wote. Ukikimwagilia kiangazi, kikiwa kimelala, kinaoza. Tena nyingi kati ya okidi hizo hutegemea kuvu wa udongo wa palepale, ambao hutaweza kuuhamisha kwa chungu. Ziache huko. Biashara ya viazi hivi tayari imeshafika hadi nyanda za kusini mwa Tanzania, ambako hifadhi ya Kitulo ilianzishwa mwaka 2005 ikiwa na okidi miongoni mwa sababu zake kuu.

Na wewe mwenye Ansellia, maua yakishakauka, kata tawi la ua peke yake. Yale mashina makavu yasiyo na jani hata moja, yanayotia hamu ya kusafisha, bado yana akiba ndani, na mara nyingine hutoa ua tena kwenye pingili za juu.